Ofisi ya wasaidizi wa mbali: mwenye ofisi ni dalali, wakili au mwajiri?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola Mlezi wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Katika miezi ya karibuni yamenifikia maswali yanayofanana kutoka Unguja na Pemba, mengine ya wazazi na mengine ya vijana wenyewe. Nitalitaja moja kwa kuwa limekusanya mengi. Kijana mmoja amefungua ofisi ndogo ya kutoa wasaidizi wa mbali. Anao wasichana sita, wote wamemaliza chuo kikuu, na wote hufanya kazi majumbani kwao kwa kompyuta. Wawili kati yao walikuwa wakimhudumia mkurugenzi wa kampuni huko Uingereza: wakipanga ratiba yake, wakijibu barua pepe zake, wakimkatia tiketi za safari. Mkurugenzi yule akakaa miezi miwili bila ya kulipa, kisha akanyamaza moja kwa moja, hajibu simu wala barua. Kijana akawaambia wasichana wale wavute subira, mteja hajalipa, na yeye hana cha kuwapa. Baba wa mmoja wao anauliza: mwanangu anamdai nani? Na kijana naye akauliza kivyake: je, mimi nina deni, au sote tumedhulumiwa?

Jawabu inategemea jambo ambalo wengi wa wenye ofisi hizi hawakulifikiri siku walipoanza. Nalo ni kujua wao wamesimama wapi katika mkataba.

Kwa asiyeijua kazi hii: mkubwa wa kampuni, au daktari mwenye kliniki yake, au mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi, hataki kuajiri katibu muhtasi wa kukaa naye ofisini. Humtafuta mtu aliye mbali ambaye kila siku atafungua barua pepe zake, atatenga za muhimu na zisizo muhimu, atapanga mikutano isigongane, atakata tiketi na chumba cha hoteli, atafuatilia ankara zisizolipwa, na ataandika barua kwa jina la mkubwa huyo. Huku kwetu vijana waliosoma ni wengi na nafasi za serikalini ni chache. Basi mtu mmoja mwenye uzoefu na wateja huwakusanya wenzake, huwafunza, na kuwapeleka kwa wateja hao. Baina ya anacholipa mteja na anachopata msaidizi kuna kinachobaki, na hicho ndicho pato la mwenye ofisi.

Asli ya kazi hii ni halali, wala si ngeni kwetu. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikuwa na waandishi. Zayd bin Thabit (Radhiya Allahu 'anhu) aliamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi ili amwandikie Mtume barua zao na amsomee zinazotoka kwao, kwa kuwa hakuwa na imani nao juu ya barua zake, na Zayd aliyamudu kwa muda wa nusu ya mwezi hivi. Ama wanaouliza kuhusu kumtumikia mteja asiyekuwa Muislamu, katika Sahihi al-Bukhari kuna habari ya Khabbab bin al-Aratt, aliyekuwa mhunzi Makka na akamfanyia kazi al-'As bin Wa'il naye ni mushrik. Ndani ya kisa hicho hicho, Khabbab alipokwenda kudai ujira wake, al-'As alikataa kumlipa mpaka amkanushe Muhammad. Kwa hivyo mteja anayekalia malipo si jambo lililoanza na intaneti.

Mwenye ofisi amesimama wapi?

Anaweza kuwa dalali. Dalali humkutanisha mwenye kazi na mfanyakazi, hupewa ujira wake kwa kukutanisha, kisha hujitoa. Mkataba unabaki baina ya hao wawili. Mteja asipolipa, deni ni la mteja, na msaidizi atamdai yeye. Dalali hana dhamana isipokuwa aliidhamini mwenyewe kwa ulimi wake, au alimficha msaidizi jambo alilokuwa akilijua, kama vile kujua kuwa mteja huyu amekwishawakimbia watu wengine.

Anaweza kuwa wakili wa msaidizi. Hapa msaidizi amempa kazi ya kumtafutia mteja, kupatana bei kwa niaba yake na kumpokelea fedha zake, kwa fungu maalumu wanaloafikiana, tuseme sehemu moja katika kumi. Wakili ni mtu wa amana. Kila senti inayolipwa ni ya msaidizi, isipokuwa lile fungu walilopatana.

Au anaweza kuwa mwajiri. Anafunga mkataba na mteja kwa jina lake yeye au la kampuni yake: nitakufanyia kazi hizi kwa mwezi, kwa dola kadhaa. Kisha kwa mkataba mwengine kabisa anamwajiri msaidizi kwa mshahara. Hiyo ni mikataba miwili, haichanganyiki. Wa kwanza anamdai mteja, na wa pili anadaiwa na msaidizi.

Yote matatu ni halali. Kinacholeta dhulma ni mtu kuvaa kanzu ya mwajiri wakati wa kupokea, kisha kuvaa ya dalali wakati wa kulipa. Mteja akilipa vizuri, faida ni yake peke yake kwa kuwa "hawa ni wafanyakazi wangu". Mteja akikimbia, hasara ni ya wasichana kwa kuwa "mimi nilikuwa nawaunganisha tu".

Na kama hamkuandika, utamjua vipi mtu huyu ni nani? Tazameni mambo yalivyokwenda. Nani alipanga mshahara? Nani alimpelekea mteja ankara, na kwa jina la nani? Nani alikuwa na uwezo wa kumhamisha msaidizi kwa mteja mwengine au kumwambia usije tena? Ikiwa mteja hajui msaidizi analipwa ngapi, na msaidizi hajui mteja analipa ngapi, basi huyo aliye katikati si dalali. Dalali wa Darajani hulijua yeye, na muuzaji hulijua, na mnunuzi hulijua fungu lake.

Kwa kipimo hicho, kijana aliyeuliza ni mwajiri. Yeye ndiye aliyepanga mshahara, yeye ndiye aliyetuma ankara, na wasichana hawakuwahi kumwandikia mkurugenzi yule neno lolote kuhusu malipo. Kwa hivyo mishahara ya miezi miwili ni deni juu yake, awe amelipwa au hajalipwa. Ni sawa na fundi mkuu aliyechukua kazi ya kujenga nyumba kisha akawaajiri waashi. Mwenye nyumba akisafiri bila ya kulipa, waashi hawaendi kumfuata Maskati, wanamfuata aliyewaajiri. Katika Hadithi al-Qudsi iliyopokewa na al-Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiama ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hadithi haikuweka sharti kwamba mwajiri naye awe amelipwa.

Sasa, ikiwa kijana huyu kweli hana kitu, Suratul Baqara aya ya 280 inaamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kusamehe ni bora kwa mwenye kudai. Lakini muda huo humstahiki asiyenacho. Anayebadilisha simu na kulipia gari kwa mwezi, huku akiwaambia watoto wa watu wasubiri, haingii humo. Na msamaha ni hiyari ya wasichana wenyewe. Si halali kuwaambia wasamehe ili wapewe mteja mwengine, wala si halali kwa wazee wa familia kuwashikilia kwa haya eti kwa kuwa mwenye ofisi ni jamaa. Mali inayotolewa kwa haya, moyo haujaridhika nayo.

Kuna njia ya kujikinga ambayo fiqhi yetu imeiweka zamani. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ijara ikiwa ni ya dhima, yaani mtu kujifunga kutekeleza kazi fulani bila ya kuainisha nani ataifanya, ujira wake hukabidhiwa katika kikao cha mkataba, kama ilivyo katika salam. Madhehebu mengine yana wepesi katika hilo. Lakini mwenye ofisi anayepokea malipo ya mwezi kabla ya mwezi kuanza amefuata kauli ya madhehebu yake, na amewalinda wafanyakazi wake. Wateja wa nje wameshazoea kulipia huduma za mtandao kabla, hawaoni ajabu.

Faida ya katikati

Wasaidizi wengi hunung'unika wanapogundua kuwa mteja analipa mara mbili ya wanachopata. Hapa lazima tuwe waadilifu kwa pande zote. Ikiwa mwenye ofisi ni mwajiri, faida yake ni halali hata ikiwa kubwa, maadamu msaidizi aliridhia ujira wake akiwa anaujua. Mwenye ofisi ndiye aliyemtafuta mteja, aliyemfunza msaidizi, na anayebeba hasara mteja akikimbia. Halazimiki kutaja anacholipwa, kama mwenye duka asivyolazimika kutaja bei aliyonunulia. Ila akiulizwa, aseme "hilo ni baina yangu na mteja", asiseme "mteja analipa dola mia nne tu" ilhali analipa mia nane. La kwanza ni siri ya biashara, la pili ni uongo.

Akiwa wakili hukumu inageuka kabisa. Wakili aliyeambiwa achukue sehemu moja katika kumi, kisha akaficha nusu, amefanya khiyana, na kilichozidi ni mali ya msaidizi mpaka arudishiwe.

Kisha kuna wanaotoza ada ya fomu. Kijana analipa elfu ishirini au thelathini kuingizwa katika orodha ya watakaotafutiwa wateja, miezi inapita, hakuna mteja, na wala hakukuwa na mteja. Hiyo ni kula mali ya watu kwa batili, nayo imekatazwa katika Suratun Nisaa aya ya 29. Anayetaka ujira wa kumtafutia mtu kazi aufunge na kupatikana kwa kazi, iwe ju'ala: ukipata, nipe kadhaa, usipopata, hunidai wala sikudai. Mafunzo ya kweli, yenye saa zinazojulikana na mwalimu anayejulikana, yana ujira wake na hayana ubaya.

Na "majaribio ya wiki mbili bila malipo" ni mlango mwengine wa dhulma. Ikiwa mteja amelipia wiki hizo mbili, basi kazi ya msaidizi imeuzwa na thamani yake ikaliwa na mwengine.

Ujira ujulikane

Mkataba wa ijara hausihi kwa ujira usiojulikana. "Tutaona mwisho wa mwezi" si mkataba. Vile vile kazi iainishwe, ama kwa muda au kwa kazi yenyewe. Imam an-Nawawi katika Minhaj ameitaja kauli sahihi zaidi kuwa haifai kuyafunga yote mawili kwa pamoja, kama kumwajiri mtu ashone nguo hii yote ndani ya siku hii, kwa kuwa kazi inaweza kutangulia au kuchelewa na ugomvi ukazuka. Haya ndiyo hasa yanayotokea katika ofisi hizi: msaidizi ameajiriwa kwa saa nane, na juu yake ameambiwa barua zote zijibiwe kabla ya kufunga siku, hata zikiwa mia tatu. Chagueni moja. Kama ni saa, basi zikimalizika amemaliza, na za ziada zina ujira wake. Kama ni kazi, basi akiimaliza mapema apumzike.

Aliyeajiriwa kwa saa, saa zile si zake tena. Wapo waliojisajili kwa wateja wawili, kila mmoja akiamini amenunua saa nane kamili, na saa hizo ni zile zile. Wanajisifu kuwa ni wajanja. Wasome mwanzo wa Suratul Mutaffifin, na wajue kuwa saa nazo hupimwa kama mchele. Mwenye ofisi anayelijua hilo na kulinyamazia ni mshirika wao.

Kuhusu fedha za kigeni, mteja hulipa kwa dola au pauni na msaidizi hulipwa kwa shilingi. Ibn Umar (Radhiya Allahu 'anhuma) alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, akamuuliza Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), akaruhusiwa kwa sharti iwe kwa bei ya siku ile na wasiachane hali wanadaiana. Basi mkiwa mlipatana kwa dola, hesabuni kwa bei ya siku ya kulipa. Mwenye ofisi asichague siku iliyokuwa na bei ya chini. Njia salama ni kuandika mshahara kwa shilingi tangu mwanzo. Pia tangu Machi 2025 kanuni za serikali zimekataza kutaja bei za bidhaa na huduma na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini.

Makato nayo yawe na haki. Aliyechelewa saa moja akatwe saa moja. Kumkata mshahara wa siku nzima ni kutoza faini kwa mali, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu hairuhusu mtu kumwadhibu mwenzake kwa kumchukulia mali yake. Na anayekata michango ya ZSSF katika mshahara kisha asiipeleke, amekula amana.

Barua za mtu mwengine

Msaidizi wa mbali anajua ya mkubwa wake kuliko mkewe. Anajua anamdai nani, anaumwa nini, anataka kumwachisha nani kazi. Anas bin Malik (Radhiya Allahu 'anhu) alipokuwa kijana akimtumikia Mtume, siku moja alitumwa haja akachelewa kurudi kwao. Mama yake, Ummu Sulaym, akamuuliza alikuwa wapi. Akasema ametumwa na Mtume. Akamuuliza haja gani. Akasema hiyo ni siri. Mama hakukasirika, alimwambia asimwambie yeyote siri ya Mtume. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim, na wazazi ndio wanaostahiki kukisoma zaidi, maana wapo wanaokaa na binti zao jioni na kuwahoji "yule Mzungu wako leo kaandika nini".

Siri huvuja kwa njia ambazo mtu hazifikirii kuwa ni kuvuja. Neno la siri la mteja hutumwa katika kundi la WhatsApp la ofisi. Barua yake nzima hubandikwa katika ChatGPT ili isahihishwe Kiingereza, na ndani yake mna jina la mgonjwa au hesabu ya benki. Kompyuta moja hutumiwa na msaidizi, ndugu zake na watoto wa jirani. Mwenye ofisi amuulize mteja kipi kinaruhusiwa, akiandike, na siku msaidizi anapoondoka afunge njia zake zote za kuingilia siku hiyo hiyo.

Jingine ni kumbadilisha mtu kwa siri. Mteja alizungumza na msichana fulani, akamridhia, akamfungulia barua zake. Msichana akipata udhuru, binamu yake anakaa mahali pake na kuandika kwa jina lake. Ikiwa mkataba ni wa mtu aliyeainishwa, hilo halifai bila ya ruhusa ya mteja. Ikiwa mkataba ni wa dhima, yaani ofisi imejifunga kutoa huduma na haikuainisha mtu, inafaa kuleta mwengine mwenye uwezo sawa, lakini ajulishwe nani anasoma barua zake.

Ama majina: Maryam akiitwa Mary ili mteja aweze kutamka, sioni tatizo kubwa, ijapokuwa sipendi mtoto aone haya kwa jina alilopewa na wazee wake. Tatizo ni kumwambia mteja kuwa Mary huyo yuko London, amesoma London, ilhali yuko Mwanakwerekwe. Huo ni ughushi katika bidhaa yenyewe inayouzwa.

Je, msaidizi kuandika "mimi fulani" kwa jina la mkubwa ni uongo? Hapana, ikiwa ameruhusiwa, kwa kuwa mwandishi hubeba maneno ya mwenye barua na watu wanaijua ada hiyo. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipoambiwa kuwa Warumi hawasomi barua isiyo na muhuri, alitengeneza pete ya fedha yenye jina lake, akawakataza watu kuchonga mfano wake. Jina la mtu ni muhuri wake. Usiahidi kwalo asichokituma, wala usitie saini asiyoijua. Na ukiambiwa "mwambie sipo" naye yupo, sema "hapatikani kwa sasa". Ni kweli, na inatosha.

Kazi zisizofaa

Jabir (Radhiya Allahu 'anhu) amepokea, katika Sahihi Muslim, kuwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amemlaani mla riba, mlishaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Tuliangalie neno mwandishi, kwani kazi tunayoizungumzia ni ya uandishi. Kuandaa mkataba wa mkopo wa riba, kuagiza mvinyo wa karamu ya wakubwa, kupanga mambo ya kamari, haya msaidizi asiyafanye, na mwenye ofisi asimlazimishe. Kumwekea mkubwa katika ratiba yake kuwa Jumatatu ana kikao na benki, au kumkatia chumba katika hoteli ambayo ndani yake pia wanauza ulevi, si sawa na hayo, kwa kuwa kilichofanywa chenyewe ni halali na kina matumizi ya halali.

Mahali pa kulimaliza hili ni kabla ya kutia saini. Mwenye ofisi amwambie mteja kwa lugha ya upole kuwa wasaidizi wake hawafanyi mambo kadhaa kwa sababu ya dini yao. Kumwachia msichana wa miaka ishirini na tatu akatae peke yake usiku mbele ya mtu anayemlipa ni kumtwika mzigo ulio wa mwenye ofisi. Wala msidhani mteja akiwa Muislamu wa Ghuba basi hamna haja ya kuuliza.

Nyumbani

Wazazi wengi wamefurahi kuwa binti anafanya kazi akiwa ndani. Ni kweli kuna sitara kubwa, lakini saa zake zitazamwe. Mteja wa London akianza saa tatu asubuhi, kwetu ni saa sita mchana wakati wa baridi yao, na saa tano wakati wa joto lao. Kijana wa kiume anayemtumikia, siku ya Ijumaa saa zake za mwanzo ndizo za khutba. Mteja wa New York akianza saa tatu, kwetu ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao, na kazi inamalizika saa saba ya usiku. Dubai nao tangu 2022 wanafanya kazi Ijumaa asubuhi. Mafakihi wetu wamesema wakati wa Swala za fardhi na tohara umetolewa katika muda wa ijara, na mshahara haupunguzwi kwa ajili yake. Lakini mteja asiyeijua Swala hawezi kulijua hilo, basi aambiwe mapema na saa zipangwe. Ijumaa ni faradhi kwa mwanamme, mkataba hauiondoi.

Mke anayetaka kuchukua kazi ya usiku ashauriane na mumewe. Na mume naye ajue kuwa ujira ni wa mke. Suratun Nisaa aya ya 32 imewapa wanawake fungu la walichokichuma, na akimsaidia mumewe kwa kodi na ada za skuli za watoto, hiyo ni ihsani yake.

Mkutano wa video baina ya mwanamke na mteja wake si khalwa ile waliyoieleza mafakihi, kwa kuwa hawako mahali pamoja. Bado mazungumzo yawe ya kazi, na amri ya Suratul Ahzab aya ya 32 juu ya kutolegeza sauti inahusu simu kama inavyohusu mlangoni. Ambalo wengi hawalijui ni zile programu za uangalizi ambazo ofisi huziweka katika kompyuta, zinazopiga picha ya kioo kila baada ya dakika kadhaa, na nyengine huwasha kamera. Mwanamke yuko nyumbani kwake, pengine hana mtandio, na mtoto anapita. Kumwangalia bila ya kumjulisha ni kupeleleza, na Suratul Hujurat imekataza. Picha ya kioo kwa saa za kazi na kwa kujulishwa inafaa. Kamera ya kujiwasha haifai hata kwa kujulishwa, kwani sitara ya nyumba si yake peke yake; humo wamo mama yake na dada zake.

Umeme na mtandao

Unguja ilikaa bila ya umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na Mei 2024 mikongo ya baharini ilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Mfanyakazi ni mtu wa amana; hadhamini hasara isipokuwa amezembea au amevuka mpaka. Mkongo ukikatika, msaidizi hana dhambi wala faini, na mteja hadaiwi kwa saa ambazo hakupewa huduma. Ama mshahara wa msaidizi kwa saa hizo, ikiwa aliajiriwa kwa mwezi na yuko tayari kwa kazi, anastahiki kwa mwajiri wake. Aliyemaliza bando kwa kuangalia mpira si mwenye udhuru.

Kuhusu zaka, kompyuta na samani za ofisi hazina zaka. Zaka imo katika fedha zilizopo na zinazodaiwa kwa mteja anayelipa, zikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, kwa asilimia mbili na nusu. Mishahara ambayo haijalipwa si mali ya mwenye ofisi.

Kijana aliyeuliza nimemshauri aketi na wasichana wale wawili mbele ya wazazi wao, aandike deni kwa shilingi na tarehe za kulipa kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, aanze na kidogo alichonacho mwezi huu, na aendelee kumdai mteja wake kwa njia za sheria bila ya kuyaunganisha madeni hayo mawili. Wakishindwa kuelewana, Zanzibar inayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na msichana aliyeitumia kudai haki yake hajavunja udugu wala hajakosa adabu.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.